Asiyekubali Kushindwa: Uungwana na Utovu Wake katika Mapigano ya Kuigiza ya Zama za Kati

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumeizoea methali hii kiasi cha kutouliza inadai nini hasa. Aghalabu twaitumia kumkanya kijana aliyenuna baada ya timu yake kufungwa, au mgombea aliyekataa hesabu ya kura. Lakini tukiyapima maneno yenyewe twaona kwamba methali haisemi kuwa mtu huyo ni mshindani mbaya. Yasema kwamba si mshindani kabisa. Kwa maoni ya wahenga, kukubali ni sehemu ya mashindano yenyewe, sawa na kupiga na kukinga, na pasipo kukubali hapana mashindano.

Makala haya yanakusudia kuijaribu kauli hiyo kwa mfano ulio mbali na pwani yetu, nao ni mapigano ya kuigiza ya Zama za Kati za Ulaya: mchezo wa siku hizi ambao ndani yake watu wazima huvaa deraya na chapeo, wakashika ngao na silaha butu, wakapigana kwa nguvu zao zote bila ya matokeo kupangwa kabla. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu moja. Katika kandanda, mpira ukivuka mstari watu huuona, na mwamuzi hupuliza filimbi. Katika tawi kubwa la mchezo tunaoueleza hapana mstari wala filimbi: pigo huhesabiwa pale tu aliyepigwa anaposema kwa kinywa chake kwamba amepigwa barabara. Hapo methali yetu huacha kuwa mawaidha ikawa kanuni ya mchezo, na asiyekubali kushindwa hawezi kushindwa. Swali ni hili: mtu wa namna hiyo atafanywa nini?

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutaja tatizo la istilahi. Wafaransa, na Waingereza baada yao, hulitaja jambo hili kwa neno lililotokana na farasi: mwenye farasi wa vita ndiye aliyekuwa na daraja, na adabu ya daraja hiyo ikaitwa kwa jina la mnyama wake. Waarabu nao, katika mzizi ule ule uliotupa sisi neno farasi, wana faris, yaani mpanda farasi, na furusiyya, yaani elimu na adabu ya upandaji na silaha. Kiswahili kimelipokea neno farisi, lakini kikamteremsha mtu huyo kutoka mgongoni mwa farasi: farisi wetu ni mtu hodari wa jambo lolote. Katika makala haya tutamrudisha farisi juu ya mnyama wake, na adabu yake tutaiita uungwana. Tukumbuke hata hivyo kwamba mwungwana wa asili ni mtu huru asiye mtumwa. Maneno yote mawili, la kwao na la kwetu, yalianza kwa kutenga watu kabla ya kuanza kusifu tabia, na jambo hili litatufaa hapo mbele.

Hoja yetu ni kwamba desturi ya kuuacha uamuzi katika kinywa cha aliyepigwa, ambayo wengi wa washiriki huiona kuwa ndiyo roho ya Zama za Kati, haikutoka katika Zama za Kati. Ni desturi changa, na kwa sababu ni changa imewalazimu wenyewe kubuni njia zao za kumshughulikia asiyekubali. Njia hizo ndizo zenye mafunzo.

2. Zama zenyewe: fidia, kiapo na adhabu

Mashindano ya silaha yalistawi kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12. Hayakuwa mchezo wa uwanja mdogo uliozungushiwa ua. Makundi mawili yalikutana katika eneo pana baina ya miji au vijiji, yakashambuliana, na aliyekamatwa alitoa ahadi ya kulipa fidia, akapoteza farasi na deraya yake. William Marshal, aliyezaliwa yapata mwaka 1147 na kufa mwaka 1219, alijenga jina na mali yake huko. Utenzi mrefu wa Kifaransa uliotungwa baada ya kifo chake wasimulia kwamba yeye na mwenzake mmoja waliwakamata mafarisi 103 katika muda wa miezi kumi hivi.

Katika utenzi huo mna visa viwili vyenye faida kwetu. Philip, mtawala wa Flanders, alikuwa na desturi ya kuwaweka watu wake kando kana kwamba hawashiriki, mpaka makundi mengine yachoke na kutawanyika. Ndipo alipoingia na kuvuna. Mtunzi haoni aibu katika hila hiyo. Kijana Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyekuwa bwana wa William, aliiiga baada ya kuumizwa nayo. Kisa cha pili kilitokea katika mji wa Anet. William alimkamata Simon de Neauphle, akashika hatamu ya farasi wake na kumvuta katika njia ya mji. Simon akadaka mfereji wa maji uliojitokeza juu ya njia, akabaki akining'inia, na William akaendelea kumvuta farasi asiye na mtu. Kijana Henry, aliyekuwa nyuma, aliyaona yote akanyamaza. William alipomwamuru mtumishi wake amlinde mfungwa, mtumishi akauliza ni mfungwa gani. Watu walicheka, na hapakuwa na mashtaka.

Twaona basi kwamba mengi ya yale ambayo leo yangeitwa utovu wa uungwana yalihesabiwa kuwa akili au mzaha. Sababu yake ni wazi. Matokeo yalionekana kwa macho: hatamu ilishikwa au haikushikwa, mtu alikuwa juu ya farasi au alikuwa chini. Kinywa cha aliyeshindwa kilihitajika baadaye tu, kuahidi fidia, na asiyetimiza ahadi hiyo aliaibika. Hakuna aliyemwuliza kama amesikia pigo.

Wakuu wa kanisa na wa serikali walijali mambo mengine, yaani vifo na fujo. Baraza la kanisa lililokutana Clermont mwaka 1130 liliyapiga marufuku mashindano hayo, na marufuku haikuondolewa mpaka mwaka 1316, wakati wa Papa Yohana wa 22. Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza aliona heri kuyatoza ada kuliko kuyakataza. Mwaka 1194 aliyaruhusu katika sehemu tano tu za nchi yake, na kila mshiriki akatozwa kwa kadiri ya cheo chake, kuanzia maki 20 kwa mwenye cheo cha juu hadi maki 2 kwa farisi asiye na ardhi.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mwaka 1273 Edward wa Kwanza, akirejea kutoka vita vya msalaba ili ashike ufalme wake, alialikwa kushindana na mtawala wa Châlons. Wanahistoria wa zama zile wasimulia kwamba mtawala huyo, badala ya kutumia silaha, alimkaba Edward shingoni ili amwangushe kutoka juu ya farasi. Edward akamchochea farasi wake, na mwenyeji akaanguka yeye. Hasira zikapanda, askari wa miguu wakaingia, watu wakafa, na mashindano yale yakaitwa vita vidogo vya Châlons. Si ajabu kwamba sheria ya mashindano iliyotolewa katika enzi ya Edward, ambayo kwa kawaida huwekewa tarehe ya mwaka 1292, ilipunguza idadi ya watumishi aliyeruhusiwa farisi kuja nao, ikakataza silaha zenye ncha, ikawakataza watazamaji kubeba silaha yoyote, na kumtishia mvunjaji kwa kunyang'anywa farasi na vifaa na kutiwa gerezani.

Katika karne ya 14 twakutana na mtu aliyelitazama tatizo kwa jicho la mwanazuoni. Geoffroi de Charny, aliyeuawa Poitiers mwaka 1356 akiwa ameishika bendera ya mfalme wa Ufaransa, aliandika maswali kwa ajili ya jamaa mpya ya mafarisi iliyoundwa na mfalme wake. Maswali 20 yahusu mbio za mikuki, 21 yahusu mapigano ya makundi, na 93 yahusu vita. Farasi akiuawa katika mashindano, nani hulipa? Je, aliyekamatwa katika hali hii au ile amekamatwa kwa haki? Majibu hayamo. Yaelekea yalingojewa kutoka kwa baraza la mafarisi wenyewe. Mtu aliyekuwa mashuhuri kwa uungwana kuliko wengi wa wakati wake aliona kwamba uungwana haujajibu hata suala la nani amlipe nani farasi wake.

Majibu yaliyo kamili zaidi yamo katika kitabu cha mashindano alichokitunga René wa Anjou yapata mwaka 1460. Humo mafarisi huapa kwa kuinua mikono kwamba hawatachoma kwa ncha wala kupiga chini ya mshipi, na kwamba mtu akivukwa chapeo yake hataguswa mpaka irudishwe na kufungwa. Waamuzi huzikagua silaha na kuzitia alama. Kabla ya mapigano chapeo zote hupangwa ndani ya jengo la watawa, nao mabibi hupita kuzitazama. Bibi akijua kwamba mmoja wao alimsengenya mwanamke, huigusa chapeo yake, na waamuzi huuliza habari. Mwenye hatia hupigwa na wenzake uwanjani mpaka apaze sauti kuwaomba mabibi msamaha. Mwenye makosa mazito zaidi hupigwa mpaka amtoe farasi wake, kisha mikanda ya tandiko hukatwa, naye huwekwa juu ya fito za ua, amekaa juu ya tandiko lake kama mpandaji, ili atazamwe na wote hadi mwisho. Hata hivyo pana farisi mmoja wa heshima mwenye kubeba leso ya mabibi juu ya mkuki. Akiishusha juu ya mtu anayepigwa, hakuna aruhusiwaye kumgusa tena.

Makosa hayo mazito ni yapi? Kuvunja ahadi, kula riba, na kuoa mke asiye wa daraja ya mumewe. La kwanza twalielewa. La pili na la tatu hayana uhusiano wowote na jinsi mtu anavyopigana. Hapa ndipo tulipoahidi kurudi: uungwana wa René ulilinda mpaka wa watu kabla ya kulinda haki ya mapigo. Aliyepigwa juu ya fito aliadhibiwa kwa yale aliyoyafanya nje ya uwanja.

Kwa upande wa mapigo yenyewe, kanuni za John Tiptoft zilizotolewa Uingereza mwaka 1466 kwa amri ya Edward wa Nne zilikuwa na ufupi wa mwanasheria. Anayempiga farasi hapati tuzo. Anayempiga mtu aliyegeuza mgongo, au asiye na mkuki, hapati tuzo. Mikuki iliyovunjwa huhesabiwa. Hapana kipigo wala fito, ila kuna hesabu na kunyimwa. Lakini René na Tiptoft, kwa tofauti zao zote, wanakubaliana katika jambo moja: mwenye kuamua yuko nje ya deraya.

3. Kuzaliwa upya

Mchezo huu ulikufa, kisha ukafufuliwa na wasomaji. Riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819, iliwapa Waingereza mashindano ya silaha ambayo hayakuwa na hila za mtawala wa Flanders. Miaka 20 baadaye, Agosti 1839, bwana mkubwa wa Eglinton huko Uskoti alijaribu kuyatenda yaliyosomwa. Maelfu kwa maelfu ya watazamaji walikuja, na mvua ikanyesha kana kwamba imealikwa. Mashindano yalipofanyika hatimaye, wawili katika mapigano ya makundi walishikwa na hasira ya kweli, ikabidi watenganishwe. Hivyo katika uigizaji huo wa mwanzo na mashuhuri kosa lilikuwa limekwisha kuwapo, na dawa ilikuwa ni msimamizi kuingia kati.

Tawi linalotuhusu zaidi lilichipuka tarehe 1 Mei 1966 katika mji wa Berkeley, jimbo la California, nyuma ya nyumba ya mwandishi Diana Paxson. Wanafunzi na wapenzi wa hadithi za kubuni walivaa mavazi ya kale, wakapigana kwa panga za kujitengenezea, wakafurahi, wakataka kurudia. Walipohitaji jina ili waruhusiwe kutumia bustani ya umma, Marion Zimmer Bradley aliwapa jina la Society for Creative Anachronism, yaani jumuiya ya kuyachanganya makusudi mambo ya nyakati mbalimbali. Mwaka 1968 jumuiya hiyo iliandikishwa kisheria, nayo imeenea katika nchi nyingi. Imejigawa katika falme za kubuni, na mfalme wa kila ufalme hupatikana kwa kushinda mapigano. Tusilicheke jambo hili haraka. Mahali ambapo kiti hupatikana kwa pigo, swali la nani aseme kwamba pigo limefika si swali dogo.

4. Ulimi wa aliyepigwa

Silaha za jumuiya hiyo ni za henzirani iliyofungwa utepe, nazo hupigwa kwa nguvu. Washiriki wote huhesabiwa kuwa wamevaa deraya ya namna moja ya kale, hata kama kwa kweli mmoja amevaa chuma na mwingine ngozi. Pigo ambalo lingemdhuru mtu wa deraya hiyo ya kubuni ni pigo zuri. Likimpata mkononi, mkono huo hautumiki tena. Likimpata pajani, hupigana kwa magoti. Likimpata kichwani au kifuani, amekufa, naye hujiangusha. Na mwenye kupima ni yule aliyepigwa. Wasimamizi wa uwanja waweza kukagua deraya, kusimamisha mapigano kwa neno moja, kuuliza, na kueleza walichokiona. Lakini kwa kawaida hawasemi kwamba fulani amekufa. Hilo husemwa na marehemu.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo alialikwa na mwanafunzi mwenzake kwenda kuyatazama mapigano hayo katika bustani ya mji. Nilimdhania msimamizi kuwa mwamuzi, nikangoja anyanyue mkono. Kijana mmoja mrefu alipigwa juu ya chapeo kwa sauti iliyowafanya watoto wapige kelele, naye akaendelea kupigana. Mpinzani wake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akarudi nyuma hatua moja, akauliza pigo lilikuwaje. Kijana akajibu kwamba lilikuwa jepesi. Mzee akaitikia kwa kichwa, wakaendelea. Hali ilirudiwa mara mbili tena, na mwishowe kijana akashinda. Makofi yalikuwa machache. Nilimwuliza mwenzangu kwa nini msimamizi hakufanya lolote. Alinijibu kwa swali: angejuaje?

Jibu hilo ndilo kiini cha mambo. Sauti ya chapeo hudanganya. Pigo lililoteleza laweza kulia kuliko pigo lililozama. Ngao hupunguza nguvu kwa namna asiyoiona mtazamaji. Aliye ndani ya deraya peke yake ndiye aliyelipokea pigo, na hata yeye, kwa joto la mapigano, kwa unene wa pamba ndani ya chapeo, na kwa damu inayokwenda mbio, huenda asilisikie.

Hapa lugha yetu yatufaa kuliko lugha ya wenye mchezo. Katika Kiswahili, kusikia ni kazi ya sikio, na pia ni kazi ya mwili mzima: twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia maumivu. Vilevile ni kazi ya moyo, maana mtoto asiyesikia ni mtoto mkaidi ambaye masikio yake ni mazima kabisa. Tukisema kwamba mpiganaji fulani hakusikia pigo, tumesema mambo matatu kwa pamoja: kwamba halikumfikia, kwamba lilimfikia naye hakulitambua, na kwamba alilitambua naye hakulitii. Wamarekani humwita mtu huyo ngozi ya kifaru, wakimwazima mnyama kutoka kwetu. Jina hilo nalo lina utata wa aina ile ile, kwa kuwa kifaru huenda hana kosa lolote ila unene wa ngozi aliyozaliwa nayo.

Kutokana na utata huo jumuiya imejifunza kwamba kosa la pili, linaloweza kuwa baya kuliko la kwanza, ni kumshtaki mwenzako hadharani. Anayepaza sauti kwamba fulani anaficha mapigo amejifanya kuwa ndani ya deraya isiyo yake. Yapo na makosa mengine: kupiga kwa nguvu isiyo na haja ili kumlazimisha mtu akubali; kupigana kwa hasira; kujiangusha au kuangusha silaha mara kwa mara ili kujipumzisha; na lile lisilotajwa sana, yaani kuyakubali mapigo hafifu kwa madaha ili mpinzani aonekane mkali. Mengi ya hayo huonekana, na kwa hayo msimamizi ana mamlaka kamili. Huonya, humtoa mtu uwanjani, huandika taarifa, na mambo yakizidi mtu huyo hunyang'anywa idhini ya kupigana.

Asiyesikia hushughulikiwa kwa njia nyingine, yenye ngazi kadha. Ngazi ya kwanza ni swali la faragha, tena swali lisilo na tuhuma. Ya pili ni kukagua vifaa: je, pamba ya chapeo imezidi, mikanda imekaza? Ya tatu ni kile kinachoweza kuitwa kulinganisha mapigo, na hicho nilikiona jioni ya siku ile ile. Yule mzee alimwomba kijana avae tena chapeo yake, akasimama mbele yake bila ya ngao, akampiga taratibu, kisha kwa nguvu kidogo zaidi, kisha zaidi, akiuliza kila mara. Kijana alipofikia pigo alilosema kwamba angelikubali, mzee akamwambia kwamba yale matatu ya mchana yalizidi hapo. Halafu akavaa chapeo yake mwenyewe, akampa kijana zamu ya kumpiga. Hakuna aliyetajwa kuwa mwongo. Kijana aliondoka akiwa na kipimo, na tangu hapo hakuwa na udhuru wa kutokijua.

Nadhani hapo ndipo ulipo werevu wa utaratibu huu. Hauanzi kwa kutafuta kama mtu ni mwongo, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa. Huanza kwa kumdhania kuwa hajui, ukamfundisha, ukamwondolea giza la kujifichia. Baada ya somo hilo, kutosikia kwake kutakuwa kwa maana ya tatu peke yake, naye mwenyewe ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Akiendelea, kuna ngazi ya mwisho. Katika jumuiya hiyo ufalme hupatikana kwa ushindi, lakini daraja ya farisi haipatikani hivyo. Hutolewa na mfalme baada ya kushauriana na walio ndani ya daraja hiyo, nao huutazama mwenendo wa mtu pamoja na nguvu za mkono wake. Basi asiyekubali mapigo aweza kushinda leo na kesho asiitwe kamwe kuwa farisi. Hapigwi wala hawekwi juu ya fito. Hunyimwa kitu ambacho hawezi kukitwaa mwenyewe, nacho ni heshima ya wale anaowashinda.

Udhaifu wa njia hii pia hauna budi kutajwa. Yafaa pale watu wanapojuana na kukumbukana. Jumuiya ilipokua, watu walianza kukutana uwanjani kama wageni, na mambo yaliyokuwa ya mazungumzo yakahitaji kanuni za maandishi, taarifa na rufani. Tena, mwenye marafiki wengi hupewa nafasi nyingi za kufundishwa, ilhali mgeni huonekana kifaru kwa kosa moja. Uungwana haujaacha kabisa tabia yake ya zamani ya kutenga watu.

5. Chuma na kadi

Wengine wamelikataa tatizo lenyewe. Mashariki mwa Ulaya kulistawi mapigano ya makundi kwa silaha za chuma butu, na mwaka 2010 timu za nchi nne, yaani Urusi, Ukraine, Belarus na Poland, zilikutana katika ngome ya Khotyn nchini Ukraine kwa mashindano yaliyoitwa vita vya mataifa. Mwaka 2014 ubingwa wa dunia wa shirikisho jingine ulifanyika katika ngome ya Belmonte, Hispania. Huko pigo halihesabiwi hata kidogo katika mapigano ya makundi. Anayeanguka ametoka, aliyesimama yumo. Kuchoma kwa ncha, kupiga nyuma ya shingo au nyuma ya goti ni marufuku, na wasimamizi wana kadi za manjano na nyekundu kama za kandanda.

Kwa jambo moja mchezo huu umekaribia zaidi mashindano ya William Marshal: mwili ndio ushahidi. Kifaru hapa si tusi, kwani ngozi nene ni sifa, na asiyesikia maumivu ataendelea kusimama kwa haki. Faida yake ni kwamba hapana ugomvi wa mtu kukubali au kutokubali. Hasara yake ni kwamba mpiganaji hana tena la kusema. Aliyeanguka hakukubali kushindwa, ameshindwa tu. Na maadamu kila kisichoadhibiwa kwa kadi chaelekea kuhesabiwa halali, mtu hujifunza kumtazama msimamizi kabla ya kumtazama mpinzani.

6. Hitimisho

Tumeona njia tatu. Mafarisi wa karne ya 12 hadi 15 waliuacha uamuzi kwa macho ya wengine, wakaulinda kwa kiapo, faini, gereza na fito. Wapiganaji wa chuma wa leo wameuacha kwa ardhi na kadi. Baina yao wamesimama watu wa henzirani, ambao kwa jina la Zama za Kati walianzisha jambo ambalo Zama za Kati hazikulijua: kumfanya aliyeshindwa awe ndiye mwenye kutangaza ushindi. Kwa mwanahistoria hilo ni kosa la nyakati. Kwa mwanaadili huenda likawa ndilo jambo lao lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa limehamisha uungwana kutoka katika nasaba na farasi likauweka katika neno moja ambalo mtu yeyote aweza kulisema, awe amezaliwa na nani na ameoa wapi.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, mfano huu unairudishia methali yetu makali yake. Wanafunzi wetu huandika kwamba maana yake ni mtu awe na moyo wa kuvumilia. Maana hiyo ni sahihi, ila ni nyepesi. Methali yasema kwamba pana mashindano ambayo ndani yake ushindi wangu umo kinywani mwako, na ukifumba kinywa sikupata kitu, nawe hukupata kitu. Yule kijana mrefu wa bustanini alishinda mara tatu mchana ule. Jioni, alipolitaja kwa sauti pigo ambalo angelikubali, ndipo alipoanza kuwa mshindani.